Kijumbe Akianza Kufunga Virago

Bahasha hiyo hufika kila mwaka theluji inapoanza kuchafuka kando ya barabara. Ndani mna barua ya kurasa mbili, picha ya wachezaji wakikumbatiana, na fomu ambayo jina langu limeshachapwa: safu ya 9, kiti cha 4. Kazi yangu ni kutia saini na kuandika namba ya kadi ya benki, nacho kiti kinakuwa changu kwa msimu mwingine mzima. Kwa miaka sita nimetia saini siku ile ile, koti bado liko mwilini. Mwaka huu bahasha imekaa juu ya friji, wiki ya tatu sasa.

Ni timu ya vijana ya hoki ya barafuni, katika mji mmoja mdogo wa magharibi mwa Kanada. Jina lake naliacha, maana nitakayoyasema yana lawama ndani yake na mji wenyewe tunajuana. Tiketi za msimu zimeshuka tena, mwaka wa tatu mfululizo, na barua inasema wenye timu “wanatafakari mustakabali”. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote humo. Hawakusema wanahama, na hawakusema wanabaki. Wamesema wanatafakari, kisha chini yake wakaniomba nilipe.

Msomaji wa Nairobi huenda amewahi kuwaona Ice Lions wakicheza kwenye barafu ya Panari, wale walioletwa Kanada mwaka 2018 wakacheza upande mmoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mchezo ni huo huo: viatu vya kuteleza, magongo, na kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachokwenda kasi hadi jicho hukipoteza. Lakini hoki ya vijana huku ni jambo la mji kuliko jambo la mchezo. Wachezaji ni watoto wa miaka 16 hadi 20, wametoka mashambani Saskatchewan, vitongojini Calgary, wengine Ulaya. Mshahara hawana. Hupewa posho, na katika Western Hockey League, ligi kubwa ya vijana ya upande huu, kila msimu mchezaji anaocheza humpatia mwaka mmoja wa kulipiwa masomo ya juu. Wanalala majumbani mwa watu. Familia ya mji humpokea mtoto wa wenyewe mwezi wa Septemba, ikamlisha, ikamwamsha aende shule, ikamsubiri usiku basi linaporudi kutoka ng’ambo ya milima.

Mimi nilifika kwenye hoki kwa njia ya koleo. Majira yangu ya pili ya baridi hapa, natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikakuta theluji ya mlangoni kwangu imeshaondolewa. Kijana mrefu, mashavu mekundu kama nyanya, alikuwa anamalizia ngazi. Alikuwa analelewa na jirani yangu, na jirani ndiye aliyemtuma. Nikampa chapati mbili zilizobaki jana yake. Kesho yake akaja na mwenziwe. Wiki ile ile nikaenda uwanjani kumtazama, kwa sababu kwetu Tanga mtoto akishakula kwako, shughuli yake ni yako. Sikuelewa kitu. Nilielewa tu kwamba mwanamke aliyekaa mbele yangu alilia kijana yule aliposukumwa ukutani, na hakuwa mama yake.

Papa mmoja wa Bukavu tunayefanya naye kazi alipoiona tiketi yangu ya msimu, kijitabu chenye karatasi 34 za mechi 34 za nyumbani, alishangaa kwelikweli. “Dada, sasa unalipia michezo yenye bado hawajacheza?” Nikamuuliza, “Papa, kwenu si mnacheza likelemba?” Akanyamaza kidogo, akatikisa kichwa, akasema basi ameelewa.

Likelemba ni upatu. Na upatu naujua kuliko ninavyoijua hoki, maana mama yangu alikuwa kijumbe. Kila Jumamosi alipita na daftari lake lenye gamba la bluu, akikusanya kwa wanawake kumi na sita, na kila juma mmoja wao akapokea kapu zima. Anayepokea wa mwisho ameshatoa mara kumi na tano kabla ya kuona senti. Kinachomfanya atoe si hesabu. Anaamini kwamba Jumamosi ya kumi na sita kijumbe atakuwa bado yupo pale pale, kwenye nyumba ile ile, na daftari lile lile. Mama hakuwa na mhuri wala ofisi. Dhamana yake yote ilikuwa nyumba isiyohama.

Mtaa wa pili alikuwepo kijumbe mwingine. Siku moja watu walimwona fundi akifungua kabati lake vipande vipande, na neno likatoka kwamba anahamia Dar. Hakuna aliyekwenda kugombana naye. Jumamosi iliyofuata wanawake wanne hawakuleta. Iliyofuata, saba. Mchezo ukavunjika, naye akahama kweli, akisema amehama kwa sababu mchezo umevunjika. Mpaka leo wapo wanaosema wanawake wa mtaa ule hawana uaminifu.

Hilo ndilo ninaloliona kila ninaposoma kwamba mji fulani wa Kanada “umeshindwa kuiunga mkono timu yake”. Namba ya tiketi za msimu inatolewa mbele ya umma kama ushahidi wa mapenzi yaliyopoa. Mimi nasema namba hiyo hupima imani, na imani kwa kawaida huvunjwa na yule anayeomba kuaminiwa.

Chukua Cranbrook. Ni mji wa watu kama elfu 20, kusini mashariki mwa British Columbia, umekaa bondeni chini ya Milima ya Rocky. Timu ya Kootenay Ice ilifika hapo mwaka 1998 kutoka Edmonton, ilikokuwa imeanza miaka miwili kabla. Ililetwa na Ed Chynoweth, mtu aliyeiongoza Western Hockey League yenyewe kwa miaka mingi. Kombe la ubingwa wa ligi hiyo leo linaitwa kwa jina lake. Mwaka 2000 Ice wakawa mabingwa, na mwaka huo huo likafunguliwa jumba jipya lenye viti zaidi ya 4,000. Mwaka 2002 wakawa mabingwa tena, kisha wakaenda Guelph wakachukua Kombe la Memorial, kombe kubwa kuliko yote ya hoki ya vijana Kanada, kwa kuwafunga Victoriaville 6 kwa 3. Mwaka 2011 ubingwa wa tatu. Sam Reinhart, aliyefunga bao la ushindi la Florida Panthers katika mchezo wa saba wa fainali ya Kombe la Stanley mwaka 2024, alikulia kimchezo katika jumba hilo.

Sasa uangalie mji uliokuwa ukilipa. Mgodi wa Sullivan, kule Kimberley mwendo wa nusu saa, ulifungwa mwishoni mwa 2001 baada ya kuchimbwa kwa zaidi ya miaka 90. Miezi michache baadaye bonde lile lile liliijaza Cranbrook kushangilia kombe. Watu walikuwa wamepoteza kazi na bado walilipia viti. Yeyote anayesema watu hao hawajui uaminifu, na aitazame miezi hiyo.

Yaliyofuata yalikuja polepole. Mzee Chynoweth alifariki mwaka 2008, timu ikabaki kwa familia. Kisha minong’ono: inauzwa, inahamishwa, mji fulani unaitaka. Minong’ono hiyo haikudumu wiki moja, ilidumu miaka. Msimu wa 2015–16 timu ilishinda mechi 12 kati ya 72. Mwaka 2017 ikauzwa kweli, kwa Greg Fettes na Matt Cockell, watu wa Winnipeg. Wenye timu wapya wakaanzisha kampeni ya kuuza tiketi za msimu 2,500.

Hapo nataka nitulie kidogo, maana namba hiyo hupita masikioni kama ya kawaida. Tiketi 2,500 katika mji wa watu 20,000 ni tiketi moja kwa kila watu wanane, ukihesabu na mtoto wa kunyonya na mzee asiyetoka kitandani. Katika mji wa watu laki tatu ingekuwa tiketi 37,500. Nao waliokuwa wakiombwa hayo walikuwa watu wanaosikia kila siku kwamba wenye timu wana nyumba yao kwingine. Tarehe 29 Januari 2019 tangazo likatoka, msimu haujaisha: timu inahamia Winnipeg. Waliokuwa wamelipa walikuwa bado na mechi mkononi. Nao walikwenda kuzitazama.

Aliyedhani kosa ni la Cranbrook na aifuate timu ilikokwenda. Winnipeg ni mji mkubwa, na timu ilicheza katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Manitoba wenye viti kama 1,600, yaani chini hata ya nusu ya viti ilivyoviacha nyuma. Uwanja mkubwa uliotarajiwa haukujengwa. Barafuni, timu ilikuwa kali mno. Mwaka 2023 ilifika fainali ya ligi na kufungwa na Seattle Thunderbirds. Haikusaidia. Msimu huo huo wa kiangazi ikauzwa tena, ikahamia Wenatchee, jimbo la Washington, Marekani. Miaka minne tu baada ya kuuacha mji uliolaumiwa kwa kutokulipa.

Na Cranbrook? Mwaka 2020 ilipata timu nyingine, ya ligi ya daraja la chini kidogo, katika jumba lile lile. Aliyesimama mbele kuianzisha ni Nathan Lieuwen, mlinda lango wa ubingwa wa 2011. Alikuja akiwa mchezaji, sasa amerudi kuwa kijumbe, na watu wanajua anapoishi.

Sikatai kwamba zipo sababu nyingine. Mechi zote siku hizi zinaonekana kwenye simu, na mtu akilinganisha kochi lake na barabara ya barafu usiku wa Januari, kochi hushinda. Korona ilifunga viwanja. Kombe la Memorial halikuchezwa 2020 wala 2021, jambo lisilowahi kutokea tangu lianze mwaka 1919, na watu wakajifunza kwamba msimu waweza kupita bila wao kutoka nyumbani. Tangu mwaka 2025 vijana wa ligi hizi wameruhusiwa kuchezea vyuo vikuu vya Marekani, hivyo shabiki hajui kama nyota wake wa miaka 18 atarudi. Na kazi zenyewe zimebadilika. Ratiba yangu ya zamu hubandikwa kila baada ya wiki mbili. Wa machimboni wana siku zao za ndani na nje. Dereva wa lori ndiyo usiseme. Tiketi ya msimu ilitengenezwa kwa mtu aliyejua mwezi wa Agosti kwamba Ijumaa ya Februari atakuwa huru. Mtu huyo amestaafu, na wengi wao mimi ndiye ninayewaogesha asubuhi.

Lakini sababu hizi zipo kila mji, na si kila mji unapoteza timu. Swift Current, Saskatchewan, ni mdogo kuliko Cranbrook: watu kama 16,700. Kwa hesabu za wataalamu wa biashara ya michezo, timu isingestahili kuwepo hapo hata mwaka mmoja. Timu yao, Broncos, ipo tangu 1986. Mwaka huo huo, tarehe 30 Desemba, basi lao lilipinduka nje kidogo ya mji, vijana wanne wakafa. Msimu wa pili baada ya ule wa ajali, 1989, walichukua Kombe la Memorial. Mwaka 2018 wakawa tena mabingwa wa ligi. Timu hiyo ni mali ya watu wa mji. Wanachagua bodi, bodi inawasomea hesabu kwenye mkutano wa mwaka, na mwaka wa hasara kila mtu anajua hasara ni kiasi gani. Prince Albert, mabingwa wa 2019, ni timu ya mji pia. Moose Jaw, mabingwa wa 2024, vivyo hivyo. Hata huko tiketi hupanda na kushuka, na hata huko huombwa watu wanunue. Tofauti ni kwamba anayeomba hana virago vya kufunga.

Katika jumba letu, kila kiti cha msimu kina kibandiko cha jina mgongoni. Nilipokata tiketi ya kwanza, safu yangu ilikuwa na vibandiko kumi na moja. Nilifurahi kuona jina langu la Kiswahili limeandikwa bila kosa kati ya majina yale. Sasa vimebaki vinne. Mtu asipolipia, mfanyakazi hupita na kisu butu akakibandua, lakini gundi haitoki yote. Inabaki alama ya mstatili, ya manjano, inashika vumbi. Msimu uliopita, wakati wa mapumziko, gari la kusawazisha barafu linazunguka, nilizihesabu alama hizo katika safu zangu tatu za karibu. Zilikuwa ishirini na mbili. Nawajua karibu wote waliokuwa hapo. Wawili wamefariki, mmoja nilimfumba macho mwenyewe kazini. Watano wamehama kwa ajili ya kazi. Waliobaki wapo mjini, nakutana nao dukani, na nikiwauliza hakuna anayeniambia mchezo umemchosha. Wananiambia, “Tunangoja kwanza tuone watafanya nini.”

Najua jibu la wenye timu, na ni jibu la haki kwa kiasi chake. Timu ni biashara, basi ni la kukodi, makocha ni wa kulipwa, umeme wa kugandisha barafu si wa bure. Mtu hawezi kuahidi miaka kumi katika mji usiomhakikishia watazamaji hata wa mwaka mmoja. Nani aanze?

Aanze mwenye timu. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu kati ya pande hizi mbili ndiye peke yake mwenye mlango wa kutokea. Mji hauwezi kuichukua barafu yake ukahamia Winnipeg. Familia iliyompokea mtoto wa miaka 16 haiwezi kumwambia mwezi wa Novemba kwamba inatafakari. Halmashauri iliyokopa kujenga jumba itaendelea kulipa deni hilo timu ikiwepo au isiwepo. Basi mwenye mlango na aufunge kwanza, wenzake wakiona, kisha apitishe daftari. Asaini mkataba wa uwanja wa miaka mirefu, wenye fidia ya maana akiuvunja. Aweke hesabu mezani: analipa nini, anaingiza nini, pengo ni la kiasi gani. Mji huu umechangisha pesa za mashine ya hospitali kwa mauzo ya keki. Ukionyeshwa pengo la kweli hautakosa la kufanya. Na atutengenezee tiketi inayofanana na maisha yetu: nusu msimu, mechi kumi za kuchagua, malipo ya kidogo kidogo kila mwezi. Upatu haumtaki mtu alete za mwaka mzima Jumamosi ya kwanza.

Mwenzetu akisema hayo hayawezekani, basi aiuze timu kwa watu wa mji, iwe mali yao kama Swift Current, tujue moja.

Jumatatu iliyopita nilikwenda dirisha la tiketi mwenyewe, bahasha mkononi. Nilimkuta binti mdogo, mwanafunzi wa chuo, anafanya kazi ya muda. Nikamwambia niko tayari kulipa leo, nina swali moja tu: mkataba wa uwanja unaisha lini? Aliitazama skrini yake kana kwamba jibu limo humo. Akaniomba radhi, akaingia ndani. Nikamsikia akiuliza, nikasikia sauti ya mwanaume, kisha kimya. Aliporudi alikuwa mwekundu. Akasema ameambiwa jambo hilo halijaamuliwa, na kwamba nafasi ya bei ya mapema inakwisha mwisho wa mwezi.

Nyuma yangu alikuwa mzee wa kiti cha 5. Tumekaa bega kwa bega misimu sita. Ndiye aliyenifundisha adhabu na kuotea, na hunishikia chai yangu nikisimama kushangilia. Alikuwa amesikia yote. Nikampisha. Akatoa kitabu cha hundi, akaandika polepole, mkono unamtetemeka kama unavyotetemeka siku hizi, akakosea tarehe, akachana, akaandika upya. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema miaka miwili iliyopita naye aliuliza swali langu hilo hilo, kwenye dirisha hili hili, akajibiwa vile vile. “Wewe ngoja jibu,” akaniambia. “Mimi nina miaka 81.” Akapokea risiti, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia yake, akaenda zake.